Ukitoka Goma kwenda kuzamia Zanzibar, anza kupanga siku ya kurudi

Ukiingia katika duka lolote la mtaa wetu wa Birere na kutazama pakiti za biskuti zilizotoka pwani, utaona kwamba zimevimba kama mito, na nyingine zinakaribia kupasuka. Hazijaharibika. Zilifungwa karibu na usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito, kisha zikapandishwa hadi huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ya nje haizibani tena kwa nguvu ile ile. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Goma, na pakiti hizo nimezibeba darasani mara nyingi ili kueleza kanuni ambayo Robert Boyle aliitangaza mwaka 1662: ukiipunguzia hewa mgandamizo, inapanuka. Haikunijia akilini kwamba kanuni hiyo hiyo ingenikuta siku moja ndani ya kiungo cha bega langu.

Ilikuwa Desemba 2022. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka miwili ili niende Zanzibar kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na siku ya mwisho, kwa kuwa sikutaka kupoteza hata saa moja ya safari ile, nilizamia mara mbili asubuhi, nikaoga, nikafunga mizigo, na jioni nikapanda ndege ya kwenda Kigali. Kituo kilichonizamisha siku hiyo kiliniuliza namba ya kiatu na namna nitakavyolipa. Hakuna aliyeniuliza nasafiri saa ngapi wala naishi wapi. Kesho yake, ndani ya basi la kuelekea Gisenyi, tulipopita Musanze na kuendelea kupanda, bega la kulia lilianza kuniuma. Hayakuwa maumivu ya msuli uliochoka. Yalikaa ndani kabisa ya kiungo, hayakubadilika nilipogeuka wala nilipolikanda, na vidole viwili vya mkono ule vilikuwa na ganzi. Nilipofika Goma nilikwenda moja kwa moja hospitalini, na namshukuru daktari aliyenipokea kwa sababu alinisikiliza hadi mwisho kabla ya kuandika chochote. Alinipa oksijeni kwa saa kadhaa, akaniweka chini ya uangalizi, na siku ya tatu maumivu yakaisha. Aliniambia wazi kwamba wapo ambao hawaponi kwa urahisi huo.

Tangu hapo, kila mtu wa huku anayeniuliza habari za kuzamia, iwe ni mwalimu mwenzangu, jirani au mzazi wa mwanafunzi, namjibu kwanza kwa kumwuliza atarudi siku gani na kwa njia gani. Maelezo mengi ya safari za visiwani yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambao hatari yao ni ndege peke yake. Kwetu sisi, hatari ni nyumbani kwenyewe.

Sababu yake ni hii. Hewa tunayovuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78, na mwili hauitumii. Juu ya maji, nitrojeni hiyo huingia na kutoka bila kutuletea shida. Lakini kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa ufukweni, kwa hiyo mtu aliye kwenye mita 18 anapumua hewa iliyobanwa karibu mara tatu, na nitrojeni nyingi zaidi inayeyuka katika damu, misuli na mafuta ya mwili. Akipanda polepole, inatoka kwa njia ya mapafu bila vurugu. Akipanda haraka, au akienda mahali penye hewa nyepesi kabla mwili haujamaliza kuitoa, inaweza kutengeneza mapovu, kama yale yanayoonekana ndani ya chupa ya soda unapofungua kizibo, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo huleta maumivu, na yakifika kwenye uti wa mgongo yanaweza kupooza miguu. Huo ndio ugonjwa wa mgandamizo, ulionipata mimi.

Ndiyo maana shirika la Divers Alert Network, linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, linashauri mtu aliyezamia mara moja tu, bila kulazimika kusimama majini wakati wa kupanda ili nitrojeni itoke, akae angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo akae angalau saa 18. Na aliyezamia kwa namna iliyomlazimu kusimama hivyo akae muda mrefu zaidi ya huo. Watu wengi husoma neno «ndege» na kuishia hapo. Ushauri huo unahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, kwa sababu chumba cha abiria cha ndege hujazwa hewa inayolingana na ya mlimani, kwa kawaida isiyozidi mita 2,400. Sasa tazama ramani yetu. Kigali iko juu ya mita 1,500. Musanze ni mita 1,850 hivi, na barabara ya kutoka huko kwenda Gisenyi inapanda kupita mita 2,000. Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500, na hapo mtu hapiti tu, analala. Bukavu ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wa Lubumbashi wako chini kidogo, lakini hata wao wamezidi mita 1,200, kwa hiyo wasijione wamesalimika.

Wapo wanaofikiri kwamba wakirudi kwa basi watakuwa salama. Kivuko kutoka Unguja hadi Dar es Salaam hakina tatizo lolote, kwa sababu kinabaki juu ya bahari, na usiku mmoja Dar ni mapumziko mazuri kwa mwili. Lakini basi la Kigali likiondoka Dar alfajiri linafika Dodoma siku hiyo hiyo, na Dodoma iko kwenye mita 1,100. Saa zinahesabika vilevile, uwe angani au barabarani. Mimi binafsi najiwekea saa 24 kamili tangu nitoke majini mara ya mwisho hadi kuanza kupanda, na sioni sababu ya kubishana na mwili kwa ajili ya saa sita.

Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho. Ukiwa na siku saba kisiwani, siku ya saba si ya kuzamia, na siku ya sita mchana nayo ni ya kuangalia kwa makini. Siku ya saba haipotei. Nenda Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, utembee katika vichochoro vyake bila saa. Au nenda msitu wa Jozani ukaone kima punju, ambaye porini hapatikani popote nje ya Zanzibar. Au kaa tu kwenye bustani ya Forodhani jioni. Kushuka kutoka Goma hadi pwani hakuna madhara ya aina hii, kwa hiyo anza kuzamia mapema, hata siku ya pili baada ya kufika, ukishalala vizuri. Na ukipata mgeni anayetaka kutoka Zanzibar moja kwa moja kuja kupanda Nyiragongo, ambayo kilele chake kiko karibu mita 3,470, mwambie asubiri.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nisijifunze kuzamia hapa Kivu, ambako maji yako mlangoni na hakuna nauli. Swali ni zuri. Kivu ni ziwa ambalo uso wake wenyewe uko kwenye mita 1,460, na kanuni za kuzamia huhesabu mahali popote palipozidi mita 300 kuwa mlimani, penye majedwali yake tofauti na mafunzo yake tofauti. Tena maji yake ya vilindini, chini ya mita 250 hivi, yamebeba kiasi kikubwa mno cha kaboni dioksidi na methani. Mzamiaji wa kawaida hafiki huko, ila sisi wa Goma tunajua kwamba gesi haikai vilindini tu. Mazuku, kama tunavyouita upepo ule mbaya, hutoka ardhini na kulala katika mabonde na hata sehemu za ufukweni, hauna harufu wala rangi, na umeua watoto na watu wazima. Ninachofanya Kivuni ni kuogelea, pale ambapo watu huogelea kila siku, na nakushauri ufanye hivyo kabla ya safari. Wengi wetu tumezaliwa kando ya ziwa na hatujui kuogelea, nalo ni jambo linalonisikitisha kila ninapoliwaza. Kozi ya kwanza ya kuzamia inamtaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kikomo cha muda na aelee dakika 10. Miezi mitatu ya Jumamosi asubuhi ilinitosha kufikia hapo.

Kozi yenyewe huchukua siku tatu au nne na hugharimu mamia ya dola, na ukiimaliza unapewa cheti kinachokuruhusu kwenda hadi mita 18 popote duniani ukiwa na mwenzako. Asiye na muda wala fedha anaweza kuzamia mara moja akishikwa mkono na mwalimu, bila kupita mita 12. Kwa yeyote anayeweza, napendekeza kozi, kwa sababu inakufundisha kujitegemea. Mtungi na kile kifaa cha kupumulia kinachokupa hewa unapovuta tu, ambacho Jacques Cousteau na Émile Gagnan walikitengeneza Ufaransa mwaka 1943, ni vitu rahisi kuzoea. Kinachochukua muda ni masikio na pumzi.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Nungwi, mtulivu, aliyezaliwa katika ukoo wa wavuvi. Tulishuka kwa kufuata kamba. Kwenye mita mbili hivi masikio yakaanza kubana, naye akanionyesha kwa mkono niminye pua na kupuliza taratibu. Nikasikia mlio mdogo kichwani, kama karatasi inayofunuliwa, na maumivu yakaondoka. Jambo hili lifanywe mapema na mara nyingi, kila nusu mita, kabla sikio halijauma. Likigoma, panda kidogo ujaribu tena, na likigoma tena, acha siku hiyo. Mwenye mafua asizamie hata kama amekwisha kulipa. Kwenye mita nane nilikuwa na furaha kubwa, nikamwinulia kidole gumba kama tunavyofanya Goma kusema mambo ni mazuri. Hapo hapo akanishika mkono, akatazama macho yangu, na tukaanza kupanda. Juu ya maji aliniambia, «Kaka, huku chini ukinyoosha gumba unaniambia twende juu. Ukitaka kusema uko salama, fanya duara kwa kidole na gumba.» Tukashuka tena. Kanuni ambayo aliirudia kila siku, na ambayo naiona kubwa kuliko zote, ni kutozuia pumzi kamwe. Aliyejaza mapafu kwenye mita 10 akapanda bila kupumua, hewa ile inataka kuwa maradufu inapofika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Pumua mfululizo, panda polepole, na usimame mita tano chini ya maji kwa dakika tatu kabla ya kutoka.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba baharini nilishindwa kuzama. Maji ya chumvi yanambeba mtu zaidi kuliko ya Kivu, na ilibidi waniongezee vipande viwili vya madini ya risasi kwenye mkanda. Nilipozama hatimaye, mwalimu alinielekeza kwenye mwamba mmoja wa kahawia, nami sikuona chochote. Nikaendelea kuutazama. Kisha sehemu ya mwamba ikafumbua jicho, ikageuka nyeupe, kisha nyekundu yenye vipele, na pweza akajivuta mkono mmoja baada ya mwingine hadi kwenye tundu ambalo sikudhani hata ngumi yangu ingepenya. Nimeishi na samaki tangu utotoni, sambaza kwenye sahani karibu kila wiki, lakini hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mnyama wa majini akiwa kwake.

Kuhusu wakati wa kwenda, wapwani wanauhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na bahari huwa na joto, hata nyuzi 28 au 29. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, ukichafua zaidi upande wa mashariki wa kisiwa. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kumshauri mgeni wa mara ya kwanza. Mimi nachagua Oktoba au Februari. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, bahari haikimbii mbali maji yanapokupwa, lakini Matemwe, Paje na Jambiani maji huondoka hadi kwenye mwamba wa nje na kuacha uwanja mpana ambamo akina mama wanalima mwani. Kabla ya kuweka nafasi, uliza kama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Wakati wa bamvua mikondo huwa na nguvu, na nahodha mmoja wa Matemwe niliyemwamkia shikamoo na kumwomba atupeleke nje aliniambia, «Marahaba mwanangu, leo bamvua, tusubiri maji yasimame.» Tulikaa saa mbili chini ya mnazi, na alikuwa na haki.

Wanaoanza hupelekwa Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, kwa sababu kuna kina kifupi, matumbawe na kasa wengi. Pemba ni ya mtu mwenye uzoefu: upande wa magharibi kuna kuta za mwamba zinazoshuka ghafla kuelekea mkondo mrefu wenye kina cha mamia ya mita. Mafia ndiko moyo wangu ulikobaki. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni ya kwanza Tanzania, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa mtu, huja kula karibu na kisiwa. Wao hutazamwa kwa kuogelea juu tu, bila mtungi, maana yake hata siku ambayo umejizuia kuzamia unaweza kuwaona.

Mambo ya makaratasi ni machache lakini hayana msamaha. Anayetoka Kongo huulizwa kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo usikubali kuchanjwa upya kwa sababu tu kadi ni ya zamani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kuwadai wageni wa kutoka nje bima ya lazima, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Isome vizuri kuona kama inagusa kuzamia, na kama haigusi, tafuta nyingine inayolipia matibabu ya chumba cha mgandamizo, ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye hewa iliyobanwa, kwa kuwa ndicho dawa halisi ya ugonjwa ulionipata. Mweleze daktari wako mapema kuhusu pumu, moyo, masikio au upasuaji wa karibuni. Mama mjamzito asizamie kabisa. Dawa ya malaria iitwayo mefloquine inaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu kinachofanana na ugonjwa wa mgandamizo, kwa hiyo omba nyingine. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Aliyezoea kuvuka mpaka wa Gisenyi anajua wanavyoipekua, na Tanzania nayo imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Nina ombi moja kuhusu matumbawe. Yanaonekana kama mawe, na sisi tuliozoea kukanyaga mawe ya volkano hatuoni ubaya wa kusimama juu yake, lakini ni wanyama walio hai, na tawi unalovunja kwa pezi la mguu limekua kwa miaka mingi. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na yaliyopona hayahitaji miguu yetu. Nimeona waongozaji wakimtoa kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, majini ili wageni wapige naye picha, wakampitisha mkono kwa mkono juani. Kataa kwa upole, na umwambie kwa Kiswahili, atakuelewa. Vaa shati la mikono mirefu la kuogelea badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Ukitoka ufukweni kuingia mjini, funika mabega na magoti, kwa sababu hayo ni makazi ya Waislamu, na salamu iliyokamilika inafungua milango mingi kuliko dola. Kiswahili chetu cha Goma kinawafanya watabasamu, kisha wanakuuliza habari za huku, na wanakuuliza kwa dhati.

Nilirudi tena Februari 2024. Nilizamia mara ya mwisho Jumanne saa nne asubuhi, nikaandika saa hiyo kwenye daftari, na Jumatano nzima nilikaa Mji Mkongwe. Usiku huo nilijaza chupa tupu hewa ya Forodhani, nikakaza kizibo na kuiweka mkobani. Alhamisi nilisafiri. Juu ya Musanze niliitoa chupa, ilikuwa imekakamaa kama jiwe, na mwanamke aliyeketi karibu nami akaniuliza, «Papa, hiyo chupa haina maji, ya nini?» Nikamweleza hadi Gisenyi. Bega halikuuma.